Kocha Ameondoka, Sasa Anakwenda Wapi? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Mashabiki wa Yanga na Simba

Kila kocha anapoondoka Jangwani, kwa Yanga, au Msimbazi, kwa Simba, maswali yaleyale huibuka upya kwenye vijiwe vya kahawa, ndani ya daladala na katika makundi ya WhatsApp ya matawi. Nimeyakusanya hapa yale ninayoulizwa mara nyingi zaidi na kuyajibu kwa kadiri ya ufahamu wangu. Mimi ni mwanachama wa Yanga na sifichi jambo hilo, lakini nimejitahidi kuwatendea haki watani wetu, kwa kuwa katika suala hili maumivu yetu ni mamoja.

Kwa nini tunajali sana kazi mpya ya mtu ambaye hayupo tena kwetu?

Kwa sababu kazi hiyo huonekana kama hukumu juu ya klabu yetu. Kocha akichukuliwa na klabu kubwa kuliko yetu, tunapata fahari na uchungu kwa wakati mmoja: fahari ya kuwa jina lake lilikua mikononi mwetu, na uchungu wa kuona kwamba kwake tulikuwa kituo cha njiani. Akichukuliwa na klabu ndogo, tunaanza kutilia shaka hata makombe aliyotuletea.

Nakumbuka Juni 2023, asubuhi baada ya uongozi wa Yanga kuthibitisha kuwa Nasreddine Nabi hataongeza mkataba. Kwenye meza ya magazeti ya kituo ninachopandia daladala, watu walikuwa wameizunguka meza wakisoma kurasa za mbele bila kununua, kama ilivyo kawaida yetu. Nilidhani swali la kwanza lingekuwa nani atakuja kuchukua nafasi yake. Swali la kwanza lilikuwa: "Anakwenda wapi?" Mzee mmoja aliyevaa jezi ya kijani iliyofifia mabegani alisoma kichwa cha habari mara mbili, akalikunja gazeti taratibu na kumrudishia muuzaji bila kusema neno.

Je, ni kweli kwamba tetesi za Nabi kwenda Kaizer Chiefs ya Afrika Kusini zilikuwa za uongo?

Hazikuwa za uongo. Zilikuwa zimetangulia wakati wake. Kisa hiki kinafaa kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa kimebeba karibu kila kitu ambacho shabiki anapaswa kukijua kuhusu tetesi za makocha.

Nabi, raia wa Tunisia, alijiunga na Yanga Aprili 2021, wakati ambapo klabu ilikuwa imekaa misimu kadhaa ikimtazama Simba akibeba ubingwa. Msimu wa 2021/22 alitwaa Ligi Kuu bila kupoteza mchezo hata mmoja. Rekodi ya kutofungwa kwenye ligi ilifika michezo 49 kabla ya kukatishwa na Ihefu kule Mbarali, Novemba 2022, kwa mabao 2-1. Msimu wa 2022/23 alitetea ubingwa, akatwaa tena Kombe la Shirikisho la TFF (shirikisho la soka Tanzania) kwa kuifunga Azam bao 1-0 pale Mkwakwani, Tanga, na juu ya hayo yote akaifikisha Yanga fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya USM Alger. Tulifungwa 2-1 kwa Mkapa, yaani Uwanja wa Mkapa jijini Dar es Salaam, tarehe 28 Mei, baada ya Fiston Mayele kusawazisha na Waalgeria kutuadhibu tena muda mfupi baadaye. Tarehe 3 Juni tulishinda 1-0 Algiers kwa penalti ya Djuma Shabani, na bado tukakosa kombe kwa kanuni ya mabao ya ugenini: jumla ilikuwa 2-2, lakini wao walifunga mawili kwetu na sisi moja tu kwao. Siku chache baadaye mkataba wake ukafikia tamati, naye akachagua kuondoka.

Jina la Kaizer Chiefs lilianza kutajwa mara moja, na mazungumzo kweli yalikuwepo, lakini hayakufika mwisho. Iliripotiwa sana wakati ule kuwa kikwazo kilikuwa wasaidizi aliotaka kwenda nao. Chiefs wakampa timu Molefi Ntseki, na Nabi akatua AS FAR ya Rabat, Morocco. Hapo mashabiki wengi wa kwetu wakasema wanahabari walikuwa wametudanganya. Mwaka mmoja baadaye, Julai 2024, Chiefs wakamtangaza Nabi kuwa kocha mkuu, naye akapatiwa wasaidizi anaowafahamu, akiwemo Cedric Kaze wa Burundi, ambaye aliifundisha Yanga kabla yake na kisha akawa msaidizi wake hapa hapa Dar es Salaam.

Kwa hiyo mtu anapokuambia kwamba tetesi fulani imekufa, mwulize kwanza imekufa kwa sababu gani. Klabu ikiwa imeacha kumtaka kocha, hapo kweli imekufa. Pande mbili zikiwa zimeshindwana juu ya jambo linaloweza kurekebishwa, kama vile idadi ya wasaidizi au urefu wa mkataba, habari hiyo imelala tu.

Nitazitambuaje tetesi zenye uzito?

Mimi huanza na mkataba. Kocha ambaye mkataba wake unakwisha baada ya wiki tatu na hajasaini mpya anaongea na watu, hata kama hakuna gazeti lililoandika. Kocha mwenye mkataba wa miaka miwili mbele yake anahitaji klabu iliyo tayari kumgharamia, na klabu za aina hiyo barani Afrika zinahesabika.

Kisha huangalia ni nani anayenufaika na habari hiyo. Wakala hupenda jina la mteja wake litajwe pamoja na klabu kubwa, kwa sababu dau hupanda hata kama klabu hiyo haijapiga simu. Klabu inayotafuta kocha nayo huweza kuacha majina manne yatajwe ili mashabiki wake wasahau matokeo mabaya. Na sisi tulioachwa huamini haraka habari inayotuliza: kwamba ameondoka kwa sababu ya fedha tu, au kwamba huko aendako hawamtaki sana.

Alama ninayoiamini kuliko zote ni benchi la ufundi. Kocha wa viungo na kocha wa makipa wakianza kuaga nao, jueni safari ipo na mahali pa kufikia panajulikana.

Kuna tofauti gani kati ya kufukuzwa, kuachana kwa makubaliano na kumaliza mkataba?

Vijiweni yote hayo huitwa jina moja: amepewa "thank you", au kibarua chake kimeota nyasi. Katika maandishi ya kisheria tofauti ni kubwa. Aliyemaliza mkataba, kama Nabi mwaka 2023, hadaiwi wala hadai. Aliyevunjiwa mkataba kabla ya wakati, bila sababu inayokubalika kisheria, ana haki ya fidia. Walioachana kwa makubaliano wamekaa mezani na kukubaliana kiasi, na mara nyingi taarifa yao kwa umma huwa fupi na ya upole kwa sababu hiyohiyo.

Inawezekanaje kocha akaondoka katikati ya mashindano, wakati mchezaji hawezi?

Dirisha la usajili linawabana wachezaji, makocha hawamo. Kocha anaweza kuhama siku yoyote ya mwaka, mradi mkataba wake umemalizwa au umevunjwa kwa namna ambayo pande zote zimeridhia au zipo tayari kulipia.

Watu wa Msimbazi wanalijua jambo hili kwa uchungu. Tarehe 6 Januari 2021, Simba iliifunga FC Platinum ya Zimbabwe mabao 4-0 kwa Mkapa na kuingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Kesho yake klabu ikatangaza kuachana na Sven Vandenbroeck, na haukupita muda mrefu Mbelgiji huyo akawa kocha wa AS FAR, klabu ileile iliyokuja kumchukua Nabi baadaye. Septemba 2025 hali ilikuwa hivyohivyo kwa Fadlu Davids, aliyekuwa ameifikisha Simba fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya RS Berkane miezi minne tu kabla ya hapo. Aliondoka baada ya mchezo wa mkondo wa kwanza dhidi ya Gaborone United ugenini, mchezo ambao Simba ilishinda, kabla ya mchezo wa marudiano kuchezwa, akaenda Raja Casablanca.

Ndugu zangu wa Simba waliniambia siku ile kwamba kilichowaumiza ni wakati wenyewe kuliko kuondoka kwenyewe. Nawaelewa kabisa. Ni kama mgeni anayeinuka mkekani wakati sinia ndiyo kwanza limewekwa. Hata hivyo, ni haki kukumbuka kuwa Raja haikuwa klabu ngeni kwake, kwani alikuwa kocha msaidizi huko katika msimu wa 2023/24, ambao Raja ilitwaa ubingwa wa Morocco bila kufungwa. Alirudi mahali alipojulikana, tena kwa cheo cha juu zaidi.

Je, kazi mpya ya kocha inaweza kuinufaisha klabu iliyomfukuza?

Ndiyo, na nasikitika kuwa jambo hili halizungumzwi. Tangu 1 Januari 2021, kanuni za FIFA kuhusu hadhi na uhamisho wa wachezaji zina kiambatisho maalumu kwa ajili ya makocha. Kwa msingi wake, kocha aliyevunjiwa mkataba bila sababu ya haki hustahili thamani ya muda uliobaki katika mkataba huo, isipokuwa kama mkataba wenyewe ulitaja utaratibu mwingine. Akipata kazi mpya ndani ya kipindi hicho, mshahara anaoupata huko kwa kipindi kilekile hupunguzwa kutoka kwenye deni.

Chukua mfano wa kufikirika: kocha amefukuzwa akiwa amebakiza miezi 12, na anadai mshahara wa miezi yote. Akipata kazi baada ya miezi mitatu kwa mshahara sawa na ule wa zamani, deni linabaki katika ile miezi mitatu aliyokaa bila kazi. Shabiki anayeomba kocha aliyefukuzwa asipate timu yoyote, huku klabu bado inadaiwa naye fidia, anaiombea klabu yake mwenyewe mzigo mzito. Kama mnataka kumwombea jambo, mwombeeni ajira nzuri na ya haraka.

Kocha akienda kwa mpinzani wetu, huo si usaliti?

Swali hili huulizwa kwa hasira, nami hulijibu kwa kukumbusha mambo ambayo tuliwafanyia wengine.

Oktoba 2022, Roberto Oliveira, maarufu kama Robertinho, aliiongoza Vipers ya Uganda kuitoa TP Mazembe na kuingia makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika kwa mara ya kwanza katika historia yake. Januari 2023 Simba ikamchukua. Vipers na Simba walikuwa wamepangwa kundi moja. Kwa hiyo Waganda wale walimwona mtu aliyewafikisha pale akirudi uwanjani kwao Kitende Februari ileile akiwa ameketi benchi la wageni, na Simba ikashinda 1-0. Simba ikashinda tena 1-0 Dar es Salaam. Je, kuna mtu wa Msimbazi aliyesema huo ni usaliti?

Na sisi wa Jangwani tusijifiche. Sead Ramovic alipotuacha Februari 2025 na kwenda CR Belouizdad ya Algeria, tulilalamika kwamba ametuacha njiani. Papo hapo tukamtangaza Miloud Hamdi, ambaye Singida Black Stars walikuwa wamempa kazi wiki chache tu kabla. Akatupa ubingwa wa msimu huo, tukashangilia, na sikusikia mtu katika tawi letu akiuliza Singida wanajisikiaje. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Neno usaliti nalihifadhi kwa kocha anayevujisha siri za timu angali analipwa nayo, au anayewatukana watu waliomlipa. Aliyeondoka kwa utaratibu na kwenda kufanya kazi yake kwingine hajamsaliti mtu.

Kwa nini wengi huenda Morocco na Afrika Kusini?

Fedha ni sababu ya wazi, lakini kwa maoni yangu haitoshi kueleza yote. AS FAR ni klabu ya jeshi la Morocco, na ndiyo iliyokuwa ya kwanza nchini humo kutwaa ubingwa wa Afrika, mwaka 1985. Ina viwanja vyake vya mazoezi na shule yake ya soka. Kaizer Chiefs, iliyoanzishwa na Kaizer Motaung mwaka 1970, ina makazi yake Naturena, Johannesburg, mahali ambapo timu ya wakubwa na timu za vijana hufanya kazi ndani ya uzio mmoja. Yanga yetu, pamoja na makombe yote hayo na uwezo wa kujaza uwanja wa watu 60,000, kwa miaka ya Nabi iliweka kambi Avic Town, Kigamboni, mahali pasipo mali yake.

Ninaposikia kocha ametuacha kwa ajili ya Rabat au Johannesburg, swali langu huwaelekea viongozi wetu kabla ya kumwelekea yeye. Walimpa mkataba wa muda gani? Alikuwa na uwanja wa mvua na uwanja wa kiangazi? Nani aliyekuwa na neno la mwisho katika usajili? Katika miaka miwili baada ya Nabi, Yanga ilifundishwa na Miguel Gamondi, Ramovic na Hamdi, na ubingwa tukaendelea kuupata. Ubingwa huo umetufanya tuone mzunguko huu kuwa jambo la kawaida. Mimi siuoni hivyo. Kocha anayejua kuwa michezo miwili mibaya inatosha kumwondoa hawezi kuidharau simu ya klabu nyingine.

Atawachukua wachezaji wetu?

Anaweza kuwataka, lakini kuwapata ni suala jingine. Mchezaji mwenye mkataba hununuliwa kwa makubaliano ya klabu mbili, ndani ya dirisha. Tetesi za Feisal Salum kwenda kwa Nabi zilivuma kwa muda mrefu, na Feisal akabaki Azam. Mayele aliondoka Yanga mwaka ule ule wa 2023 pamoja na Nabi, lakini alikwenda Pyramids ya Misri, ambako kocha wake wa zamani hakuwepo.

Akifanya vibaya huko, je, maana yake hakuwa kocha mzuri?

Hapana. Katika msimu wake wa kwanza na Chiefs, 2024/25, Nabi alimaliza ligi katika nafasi ya 9, na watu walianza kusema kuwa pale Yanga alibebwa na wachezaji. Msimu uleule, tarehe 10 Mei 2025 jijini Durban, aliifunga Orlando Pirates 2-1 katika fainali ya Kombe la Nedbank na kuipa Chiefs kombe la kwanza baada ya miaka 10. Kabla mwaka huo haujaisha alikuwa ameshaachana nao. Yote hayo ni kweli, na hakuna hata moja linalofuta kile alichokifanya hapa.

Ni sawa kumwandikia maneno makali kwenye mitandao?

Kumkosoa ni haki yako. Kumtukana yeye na familia yake, au kumtukana kwa rangi na taifa lake, si haki ya mtu yeyote. Nimeshuhudia kijana wa tawi letu akiandika tusi kwenye ukurasa wa kocha aliyeondoka, kisha akaja kutuonyesha simu akicheka. Katibu wetu, mama wa makamo asiyepandisha sauti, alimwambia: "Mwanangu, hilo umeliandika kwa jina letu sote." Kijana alilifuta palepale, na hakuna aliyemsuta zaidi.

Tukikutana naye uwanjani, tumshangilie au tumzomee?

Tarehe 28 Julai 2024 Yanga ilicheza na Kaizer Chiefs kule Bloemfontein kuwania Kombe la Toyota, na Nabi alikuwa upande wa pili. Tulijazana kwenye kibanda umiza, wengine wamekaa juu ya kreti za soda. Kamera ilipomwonyesha kwa mara ya kwanza akiwa na fulana ya Chiefs, kibanda kizima kilinyamaza, kisha mtu mmoja nyuma akaanza kupiga makofi polepole na wengine tukafuata. Halafu mpira ukaanza. Tulishinda 4-0, na kila bao tulilishangilia kwa nguvu zote bila kumwonea haya. Nadhani hivyo ndivyo inavyofaa: makofi kabla ya filimbi, na baada ya filimbi kila mtu na timu yake.

Je, kocha aliyeondoka kwa kufukuzwa anaweza kurudi mioyoni mwa mashabiki?

Gamondi ni jibu lililo hai. Raia huyu wa Argentina aliifunga Simba 5-1 Novemba 2023 na kuifikisha Yanga robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, ambako ilitolewa na Mamelodi Sundowns kwa mikwaju ya penalti. Novemba 2024 alipoteza mechi mbili mfululizo, dhidi ya Azam na Tabora United, akafungashiwa virago. Wengi tulidhani atakwenda mbali. Mwaka uliofuata akawa kocha wa Singida Black Stars, akatwaa nayo Kombe la Kagame, na Novemba 2025 TFF ikamkabidhi Taifa Stars, timu ya taifa ya Tanzania, kwa muda.

Katika fainali za Mataifa ya Afrika kule Morocco, Taifa Stars ilitoka sare na Uganda na Tunisia, na kwa mara ya kwanza katika historia yake ikavuka hatua ya makundi, kabla ya kutolewa na wenyeji kwa bao 1-0. Usiku wa sare ile na Tunisia nilikuwa kwenye kibanda kilekile. Upande wa kulia waliketi watu wa Simba, kushoto sisi. Filimbi ya mwisho ilipopulizwa, jirani yangu aliyevaa jezi ya Yanga, ambaye Novemba 2024 alinihakikishia kwamba mtu yule hajui mpira, alisimama juu ya kreti na kuliita jina la Gamondi hadi sauti ikamkauka.